Bati la Saa Saba

Fundi aliyenijengea banda la mbwa aliligonga ubavuni kwa ngumi, likalia kama ngoma, akasema, "Nesi, humu hata mvua ya masika haipiti." Hakudanganya. Mvua haikupita, na upepo nao haukupita. Bati juu, bati pande tatu, wavu mbele, sakafu ya saruji, nalo limesimamishwa katikati ya ua peupe ili kila apitaye ajue nyumba hii ina mbwa. Nikalipa, nikashukuru, nikamwingiza mle kijibwa wa wiki tisa. Hiyo ilikuwa wiki ya Krismasi. Kabla Januari haijaisha, nusura nimzike.

Jina lake Watasema. Mimi ni mjane, muuguzi mstaafu, naishi Tanga kwenye mtaa ambao majirani zangu wengi ni Waislamu na hawafugi mbwa. Nilijua watasema, basi nikawatangulia. Aliletwa na mwanangu kutoka Pongwe ndani ya kikapu cha ukindu. Mwenye mama yake aliapa kwamba baba ni Jamani Shepadi. Kila mbwa koko wa mkoa huu ana baba Jamani Shepadi; huyo baba sijui hulala saa ngapi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa na msiba Ngamiani, nikamfungia Watasema saa tatu asubuhi kama wafanyavyo watu wengi: mbwa mchana ndani, usiku nje akalinde. Nilimwachia bakuli la maji la plastiki. Niliporudi ilikuwa saa saba na robo, jua liko utosini, na ua umenyamaza. Kwa kawaida huyo mtoto hunisikia tangu nikiwa kwenye kona, akaanza kulia. Nikakuta bakuli limepinduka na saruji imeshakauka. Amelala ubavu, ulimi nje, ufizi mwekundu kuliko ninavyoujua, mate mazito yanavutika kama uji wa muhogo. Nilipomtoa alisimama, akayumba kama mlevi, akaanguka.

Kijana mmoja aliyekuwa anapita akaona povu. "Kichaa hicho, mama! Usimshike!" Akaokota jiwe.

Sikumlaumu, na sitaki msomaji amlaumu. Mbwa aliyezidiwa na joto na mbwa mwenye kichaa wanaweza kufanana kwa mtu aliye upande wa pili wa ua: wote hutokwa mate, wote huyumba. Na kichaa cha mbwa si cha kufanyia mzaha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na dalili zikishatokea kwa binadamu ni nadra sana mtu kupona. Watasema alikuwa amechanjwa wiki mbili nyuma, alipotimiza miezi mitatu, na nilijua amekaa wapi na nani tangu aje kwangu. Hata hivyo nilivaa glavu. Mbwa asiyefahamika, asiye na chanjo, anayetokwa povu, usimguse kwa mikono mitupu. Ita mtaalamu wa mifugo. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.

Jiwe lilizuiwa na mzee wa nyumba ya pili, fundi cherehani wa zamani, aliyekuwa anarudi kutoka kuswali adhuhuri. Hakuuliza kitu. Aliiegesha bakora ukutani, akakunja kanzu, akaenda kisimani kwangu na kuanza kuvuta maji.

Nina kipimajoto nilichostaafu nacho. Kwa mbwa hakitiwi kwapani, hutiwa nyuma, kikiwa kimepakwa mafuta kidogo. Kilisoma 41.4. Joto la kawaida la mbwa ni la juu kuliko letu, baina ya nyuzi 38.3 na 39.2, kwa hiyo ukimshika mbwa mzima ukamwona ana joto usikimbilie kusema ana homa. Ila ikipita 41, mwili unaanza kujipika wenyewe: utumbo, figo, ini, ubongo, hata uwezo wa damu kuganda.

Tulimlaza chini ya mkungu. Mzee anamwaga maji ya kisima kwa kata, taratibu, tumboni, kwenye mapaja kwa ndani, kwapani na kwenye nyayo, ambako manyoya ni machache na damu iko karibu. Mimi nampepea kwa upepeo wa ukili niliozoea kuchochea nao mkaa, maana umeme ulikuwa umekatika na feni ilikuwa pambo. Mtoto wa jirani alileta barafu za mfukoni alizokuwa akiuza dada yake. Nilimshukuru nikazikataa. Barafu ikikandamizwa kwenye ngozi hubana mishipa, na mtoto wa kilo tano anaweza kupoa kupita kiasi bila wewe kujua. Mtu mwingine akasema afunikwe taulo bichi. Hilo nalo nililikataa, kwa sababu taulo likikaa hupata moto na kugeuka blanketi. Wa tatu alikuja na Panadol. Joto la jua si homa. Halishuki kwa Panadol wala diklofenaki, na dawa hizo za binadamu zinaweza kumuua mbwa. Wala hatukumnywesha kwa nguvu, maana mnyama asiye na fahamu timamu maji humwingia mapafuni.

Kipimajoto kilipofika 39.5 nikasimamisha maji, tukamfuta, nikaita bajaji. Nimekuja kujua baadaye kwamba utaratibu wetu wa kubahatisha ndio wanaoufundisha madaktari wa wanyama sasa: mpoze kwanza, msafirishe baadaye. Wenye mbwa wengi hufanya kinyume, humkumbatia mgonjwa na kukimbia naye kwenye gari lenye joto. Dokta alimtundikia dripu, akanionya kwamba madhara ya joto huweza kujitokeza hata siku ya pili au ya tatu, nitazame mkojo, nitazame kinyesi kama kina damu. Siku tatu nililala na saa ya kuamsha, kama zamani za zamu ya usiku.

Mzee naye, kabla sijapanda bajaji, nilimwona kisimani ananawa. Mate ya mbwa kwa madhehebu yake ni najisi. Alinawa mara saba, mara moja kwa udongo, bila haraka na bila kunung'unika. Nilipoanza kumwomba radhi alinikatiza, akanisimulia hadithi ambayo Waislamu wa pwani wanaijua tangu madrasa, ya mtu aliyeteremka kisimani kunywa maji, alipotoka akakuta mbwa analamba udongo kwa kiu, akarudi chini, akajaza kiatu chake, akakishika kwa meno akapanda nacho. Mungu akamsamehe dhambi zake. "Najisi inaoshwa, Nesi," alisema. "Kiu haingoji."

Jumapili nilifanya kitu ambacho ningepaswa kufanya kabla ya kumlipa fundi. Nilitundika kipimajoto cha ukutani ndani ya banda tupu. Saa saba mchana, kivulini chini ya mkungu kilikuwa kimesoma 33. Ndani ya banda kilisoma 46.

Tatizo la mbwa ni kwamba hana jasho la maana. Tezi zake za jasho zinazofaa kitu ziko kwenye nyayo, na nyayo nne ni eneo dogo mno. Anachokitegemea ni kuhema: hewa inapita juu ya ulimi na koo lililolowa, maji yanageuka mvuke, mvuke unaondoka na joto. Ni sawasawa na kuanika nguo. Na hapo ndipo pwani inapomkomoa. Kanga ukiianika Dodoma, umerudi jikoni tayari imekauka. Ianike Tanga au Mombasa siku ya kaskazi ambayo upepo umelala, inashinda imenata. Ulimi wa mbwa nao ni hivyohivyo, hewa ikishajaa unyevu haipokei tena, na kuhema kunageuka kazi ya misuli inayomwongezea joto. Ndiyo maana namba ya nyuzi kwenye taarifa ya hali ya hewa haikuambii yote.

Mtoto wa mbwa ana hali mbaya zaidi. Mwili wake haujajifunza vizuri kujisawazisha, maji aliyobeba ni kidogo, na akili ya kuacha kucheza na kutafuta kivuli hana. Wenye pua fupi, kama pagi, boksa na buldogi ambao naona vijana wa mjini wanawapenda siku hizi, huhema kupitia njia iliyobanwa tangu kuzaliwa. Huyo kwa mchana wa Februari mweke ndani sebuleni, na mwenye kukucheka acha acheke.

Banda tulilijenga upya mimi na mwanangu, kwa fedha isiyofika nusu ya ile ya kwanza. Tulilihamisha chini ya mkungu. Tukabomoa pande mbili tukaweka fito zenye nafasi, moja ikielekea kaskazini mashariki inakotokea kaskazi na nyingine upande wa pili, ili upepo ukiingia uwe na pa kutokea. Juu ya bati tukaezeka makuti kwenye fremu yake, tukiacha nafasi ya shubiri moja katikati. Ile nafasi ndiyo siri: makuti yanachukua jua, hewa inapita, bati halichemki. Sakafu ni mbao zilizoinuliwa shubiri mbili. Nilipopima tena, ndani na nje vilipishana nyuzi moja. Na mlango haufungwi mchana. Kama una geti na ukuta, sioni sababu ya kumfungia mtoto wa mbwa kwa saa kumi ndani ya kizimba ili "awe mkali". Mbwa wa namna hiyo anakuwa mwoga mwenye meno. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, ila sijawahi kuona mtu mtaani kwetu akiulizwa habari ya banda la bati.

Maji sasa yako kwenye chungu cha udongo nilichokifukia nusu chini, hakipinduki. Bibi zetu walijua kwamba mtungi hupoza maji yenyewe kwa sababu udongo unatoa jasho. Plastiki na chuma hufanya kinyume. Kwa kawaida mbwa huhitaji takriban mililita 50 hadi 100 kwa kila kilo yake kwa siku, na wakati wa joto huzidi. Usimpimie. Vyungu viwe viwili, kimoja kikimwagika kingine kipo. Chungu kisuguliwe kila siku, vinginevyo unafuga viluwiluwi vya mbu.

Chakula kilikuwa shule nyingine. Miezi ya joto ugali na dagaa ulioiva asubuhi, ikifika saa sita umeshachacha. Kijibwa anakula kidogokidogo mara tatu au nne kwa siku, kwa hiyo Watasema nilimpa alfajiri, saa nne, na jioni jua likilala, na kilichobaki kiliondolewa baada ya robo saa. Na unga. Kuna tabia ya kusema mahindi yaliyoota ukungu "ni ya mbwa". Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika haraka sana kwa sumukuvu. Huharibu ini, na hakuna kupika kunakoiondoa. Watu wa Dodoma na Manyara walikufa kwa sumukuvu mwaka 2016, Ukambani kule Kenya mwaka 2004. Unga usiouamini kwa mjukuu wako usimpe mbwa wako.

Hapa Tanga joto linakuja na maembe, na hilo nalo lina mtego. Kijibwa anayeota meno hupenda kokwa la embe kuliko kitu chochote, linateleza, lina nyuzi, lina utamu. Akilimeza linaweza kuziba utumbo, na hapo ni kisu au kifo. Nilimnyang'anya Watasema makokwa mpaka wajukuu wakaanza kuniita mchoyo.

Kutembea: kabla ya saa moja asubuhi, au baada ya saa kumi na mbili jioni lami ikiwa imepoa. Weka mgongo wa kiganja chako juu ya lami uhesabu polepole mpaka saba. Ukishindwa wewe, nyayo za mtoto zitababuka. Mchanga wa ufukweni mchana ni uleule. Na asinywe maji ya bahari, atatapika na kuharisha na kupoteza maji mengi kuliko aliyokunywa. Ila tusitangulie mbele ya chanjo. Mtoto hatoki kwenda walikopita mbwa wengine mpaka amalize mfululizo wa chanjo zinazoanza wiki ya sita au ya nane na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi wiki ya kumi na sita. Virusi vya parvo, vilivyoenea duniani mwaka 1978, hudumu kwenye udongo kwa miezi, na kuhara damu kwa parvo ndani ya joto la kaskazi ni safari fupi.

Gari: hapana. Mwaka 2005 madaktari wa Stanford kule Marekani walipima magari yaliyofungwa juani, wakakuta joto la ndani linapanda kwa wastani wa nyuzi 22 kwa saa moja, sehemu kubwa ikiwa ndani ya nusu saa ya kwanza, na kuacha kioo wazi kidogo hakukusaidia. "Naingia dukani mara moja" ndiyo nusu saa yenyewe.

Sasa kupe, maana hawa ndio wenye msimu. Kupe wa kahawia wa mbwa hakai porini, anakaa kwako. Jike akishiba damu hujiangusha, hupanda ukuta, huingia kwenye ufa na kutaga mayai maelfu. Kadiri joto linavyopanda ndivyo yanavyoanguliwa upesi. Ukimwogesha mbwa bila kushughulikia ukuta umefagia nusu ya uwanja. Kupe huyo hubeba vijidudu viwili vya kuogopwa. Babesia hupasua chembe nyekundu za damu, na kwa mtu aliyefanya kazi wodini sina mfano bora kuliko malaria: homa, ufizi mweupe, mkojo wa rangi ya chai. Erlikia hushambulia chembe nyeupe, na mbwa huanza kutokwa damu puani. Angalia tofauti: ufizi wa mbwa aliyezidiwa na joto huanza kwa kuwa mwekundu sana, wa mwenye babesia hupauka. Bonyeza ufizi kwa kidole; kwa mbwa mzima weupe hurudi kuwa waridi kabla hujahesabu mbili.

Mambo ninayoona watu wakiwafanyia watoto wa mbwa kwa ajili ya kupe yananitia uchungu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe, inapimwa kwa kizibo na kwa macho. Oili chafu ya gereji, anapakwa mwili mzima, ajilambe. Oili ile ni sumu tumboni, na juu ya ngozi inaziba manyoya na kunasa joto. Nenda duka la dawa za mifugo na kilo za mtoto wako umeziandika kwenye karatasi, na umri wake, uombe dawa iliyoandikwa mbwa wa umri huo. Kila jioni mpapase nyuma ya masikio, baina ya vidole, chini ya mkia. Ukuta uzibwe nyufa. Kwangu fundi wa lipu alifanya kazi kubwa kuliko duka la dawa.

Na kuna yule nzi anayetufanya pwani tupige pasi hata fulana za ndani. Hutaga kwenye mchanga wenye mkojo na kwenye nguo mbichi. Buu huingia ngozini na kukua siku nane hadi kumi na mbili ndani ya jipu lenye tundu katikati. Watasema alikuwa na mabuu sita tumboni mwezi Februari, kwa sababu alikuwa amejichimbia kitanda cha mchanga alichokuwa akikikojolea. Paka mafuta mazito ya kujipaka juu ya tundu, buu likikosa hewa linajitokeza, ulikamue taratibu bila kulipasua. Nilimtoa yote sita barazani, wajukuu wakihesabu kwa sauti kubwa kama wanahesabu magoli. Mchanga nikauondoa, magunia yake ya kulalia yakawa yanafuliwa na kukaushwa kabisa.

Watasema sasa ana mwaka na zaidi. Masikio yamesimama yote mawili, labda yule baba wa Kijerumani alikuwepo kweli. Mchana hulala kwenye shimo alilojichimbia kando ya chungu, pale udongo ulipo na unyevu, tumbo chini na miguu ya nyuma ameinyoosha kama chura. Mlango wa banda uko wazi na yeye hataki hata kulisogelea mpaka usiku.

Mzee anapita kila siku akienda kuswali adhuhuri. Haingii, wala mbwa hamsogelei. Wanatazamana tu kwenye uwazi wa geti. Kisha anagonga ukuta kwa bakora mara mbili.

"Nesi! Maji ya Watasema."

"Yapo, Mzee."

"Nenda ukatazame."

Nami huinuka nikatazama.